Globu ni ya Lori, na Lori ni la Tajiri

Leo hatutazungumza juu ya mizani wala juu ya ada za mpakani. Tutazungumza juu ya globu. Wako watakaocheka na kusema kwamba chama kimekosa kazi mpaka kimeanza kuhesabu globu. Wacheke, kisha wasome.

Tangu miaka michache iliyopita matajiri wa malori wameanza kutoa amri moja: ondoeni globu za zamani za uzi, tieni za LED. Amri hiyo tumeisikia Mombasa, tumeisikia Eldoret, na ng'ambo ya pili tumeisikia Tororo. Lori lenyewe lina umri wa miaka 20 au 25, lilikuja huku likiwa limekwisha kuchoshwa na wenyewe Ulaya. Soketi zake zina kutu, waya zake zimeungwa mara nyingi hata hakuna ajuaye rangi gani ni ya taa gani. Ndani ya gari la namna hiyo ndimo inamotakiwa kuingia globu mpya ya kisasa. Na dereva anaambiwa: nunua kwa posho yako ya safari, ulete risiti. Risiti inaletwa, pesa hazirudi.

Tuseme wazi kwamba sisi hatuzipingi globu za LED. Tunasema hivyo kwa sababu yuko tajiri aliyekwisha kututangaza kwamba tunapinga maendeleo. Hebu tupige hesabu. Lori na tela lake likiwa kwenye foleni ya Malaba usiku, injini imezimwa, taa ndogo lazima ziwake ili asije mtu akaligonga. Tuseme ni globu 12 za wati 5 kila moja. Hizo ni wati 60. Kwa umeme wa volti 24, ni ampea mbili na nusu, na kwa saa 10 za usiku betri imetoa ampea-saa 25. Tia LED za wati moja moja mahali pake, na betri itatoa ampea-saa 5 tu. Aliyewahi kulala siku nne katika foleni ile anajua maana ya hesabu hii. Wengi wetu tulikuwapo mwaka 2020, wakati wa vipimo vya UVIKO-19, na tena Januari 2022 madereva walipokataa kulipishwa vipimo hivyo, foleni ikarudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Ni kweli kwamba mambo yalipata nafuu hapa Busia baada ya marais wawili kufungua rasmi kituo kimoja cha forodha mwaka 2018. Lakini foleni haijafa, hulala tu.

Kwa hivyo kitu chenyewe ni kizuri. Tena wafanyakazi wana haki ya kujivunia. Mtu aliyetengeneza LED ya kwanza ya kuonekana kwa macho, ile nyekundu, mwaka 1962, alikuwa Nick Holonyak wa Marekani, na baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Ya buluu, ambayo bila hiyo hakuna taa nyeupe, ilichukua miaka mingi zaidi, na waliofanya kazi hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2014. Hatuna ugomvi na hao. Ugomvi wetu ni juu ya nani anayelipa, na nani anayetia globu hiyo katika soketi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Maana soketi ya zamani ilitengenezwa kwa globu ya uzi, na globu ya uzi haichagui. Umeme ukiingia kwa huku au kwa kule, itawaka. LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Zile globu za kusukuma na kuzungusha, zenye vijipini viwili ubavuni, zina nafuu, kwa sababu bati lake la nje ndilo hasi na kitako ndicho chanya. Lakini zile za kuchomeka tu, zisizo na bati, zaweza kuingia kinyume. Tumemwona tanboi akitupa mtaroni globu nne mpya akidhani ni mbovu, kumbe alitakiwa kuzigeuza tu. Shilingi zake mwenyewe hizo, si za tajiri.

Kijana mmoja fundi wa Malaba alituonyesha katika simu yake jambo lililotuchekesha. Ile soketi ndogo ya milimita 9 iliyomo katika dashibodi za malori mengi ya zamani ndiyo ile ile iliyotumika kwa miaka mingi katika mashine za kuchezea mpira wa chuma, zile za pinball zilizokuwa zikitengenezwa Chicago. Siku hizi wako watu huko ng'ambo wanaozifufua mashine hizo na kuzitia LED, nao wanalia vilio hivi hivi vyetu: globu inayomulika kidogo kidogo ingawa imezimwa, kwa sababu LED hushtushwa hata na chembe ya umeme inayovuja, soketi iliyolegea, rangi inayotoka mbaya. Tofauti ni kwamba wao ikikataa kuwaka wanakosa mchezo. Kwetu ikikataa kuwaka, mtu anakufa.

Tusikilizane juu ya hiyo rangi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Dukani wanauza LED nyeupe kwa wingi, na dereva anaitia nyuma ya kioo chekundu akifikiri kioo kitafanya kazi yake kama zamani. Globu ya uzi ina wekundu mwingi ndani ya mwanga wake, kioo kinauachia upite. LED nyeupe kwa asili ni ya buluu iliyopakwa dawa ya manjano, na wekundu wake ni haba. Ukiitia nyuma ya kioo chekundu unapata mwanga mfu, wa waridi, usiofika mbali. Nyuma ya kioo chekundu tia LED nyekundu. Nyuma ya kioo cha manjano cha endiketa tia ya manjano.

Kisha kuna globu ya nyuma ya kazi mbili, ile ya wati 21 na wati 5. Wati 5 ni taa ya kawaida ya usiku, wati 21 ni breki. Macho ya anayekufuata yamezoea tofauti hiyo: mwanga ukipanda ghafla, anajua umeshika breki. LED nyingi za bei ya chini zina mwanga karibu sawa kwa kazi zote mbili. Unakanyaga breki katika mteremko wa Timboroa, ukungu umeshuka, na mwenzako wa nyuma haoni mabadiliko yoyote. Kabla ya kulipa dukani, iwasheni kwa betri ya mwenye duka, mguso mmoja kisha wa pili, mtazame kwa macho. Akikataa, nendeni duka la pili.

Jambo la endiketa mnalijua. Ukitia LED, flasha ya zamani inagoma au inakwenda mbio kama kuku aliyekatwa kichwa. Sababu ni kwamba flasha hiyo ilipimwa kwa umeme wa globu za wati 21, karibu ampea moja kila globu, na LED haifiki hapo. Flasha za kisasa zaidi huona umeme mdogo na kudhani globu moja imeungua, ndipo zinapopiga haraka kukuonya. Mafundi wengine huunga kizuizi cha umeme pembeni ili kuidanganya flasha. Kizuizi hicho kinapata moto wa kuunguza plastiki, tena kinakula umeme ule ule uliotaka kuokoa. Dawa yake ni kubadili flasha yenyewe, kutia ya elektroniki isiyojali wingi wa umeme. Bei yake si kubwa, lakini ni nani ataitoa? Tumekwisha kusikia jibu: kata kwenye posho.

Sasa tuwaeleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Mwenzetu mmoja, dereva wa miaka mingi, alitoka Mombasa na kontena la Kampala. Kabla ya kutoka, karani wa yadi alimwambia agizo la tajiri ni LED gari zima, mpaka dashibodi. Fundi wa pembeni akazing'oa globu zote, kubwa na ndogo, akatia mpya. Gari liling'aa kama harusi. Dereva akalipa mfukoni mwake. Kufika Malaba, foleni. Alilala usiku wa kwanza, akasogea kidogo, akalala wa pili, na asubuhi ya tatu betri zote mbili zimekufa kabisa. Malori yakampita mmoja baada ya mwingine. Alipopata wa kumwashia, alikuwa amekwisha kurudi nyuma katika foleni. Alipofika nyumbani, tajiri akakata bei ya betri mbili katika mshahara wake, kwa kosa la kulala na taa zikiwaka.

Tulimwendea fundi mzee mmoja, mtu aliyeanza kushika waya kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Hakufungua hata boneti. Alichungulia dashibodi, akauliza: hii taa ya chaji nani ameibadili? Akatuelimisha. Katika alteneta nyingi za zamani, unapofungua swichi, umeme kidogo hupita katika ile globu ndogo ya chaji na kwenda kuiamsha alteneta. Ikiisha kuamka, inajilisha yenyewe, na taa inazimika. Globu ya uzi inapitisha umeme wa kutosha kazi hiyo. LED inapitisha chembe tu. Alteneta haiamki, au inaamka ukikanyaga mafuta sana tu. Kwa hiyo ndugu yetu alitembea safari yake akila betri bila kuzijaza. Mzee alirudisha globu moja ya zamani, ya wati chache, ya thamani ya kikombe cha chai na andazi, na chaji ikarudi papo hapo.

Tulibeba maneno hayo mpaka ofisini kwa tajiri. Tulimweleza kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makosa ya kusudi ya mfanyakazi. Je, kutii amri ya karani ni kosa la kusudi? Alirudisha nusu ya pesa za betri. Nusu ya pili tunaidai mpaka leo, na pesa za globu zenyewe anasema hakuwahi kuziona risiti. Tunazo nakala.

Tumeambiwa na matajiri kwamba madereva na matanboi huuza globu njiani, ndiyo sababu wanalipishwa. Hatutaficha: wako waliofanya hivyo. Kuna mwanachama wetu aliyekamatwa akiuza taa ya tela pale Busia, na hatukumtetea. Lakini mwizi mmoja hamfanyi kila mtu awe wa kulipa. Kuna daftari la gari. Andika humo globu iliyotiwa, tarehe, fundi aliyeitia, na iliyotolewa irudishwe yadi. Tajiri anayeweza kuhesabu lita za dizeli kutoka Mombasa hadi Kigali hashindwi na daftari la globu.

Na sisi wenyewe tujitazame. Wako madereva wanaotia LED kali katika taa kubwa za mbele kwa kujionyesha. Taa kubwa ya zamani ilipangwa hivi: uzi wa globu unakaa mahali pamoja hasa mbele ya kioo cha kurudisha mwanga, na kioo hicho kinautupa mwanga barabarani, chini. LED ikikaa hata kidogo nje ya mahali hapo, mwanga unatawanyika mpaka juu, machoni mwa anayekuja. Wewe unaona barabara kama mchana, mwenzako anaona weupe mtupu. Usiku katika msitu wa Mabira, barabara nyembamba, tumekutana na magari ya namna hiyo na kusali. Katika taa kubwa ya globu ya uzi acheni globu ya uzi mpaka mwenye gari anunue taa nzima iliyotengenezwa kwa LED. Hili tunaliomba kwenu, si kwa tajiri.

Jambo jingine ni volti. Matatu ni volti 12, lori ni volti 24, na injini ikichaji lori linafika 28. Globu iliyoandikwa 12 ikitiwa katika lori inawaka vizuri sana kwa dakika chache, kisha kwaheri. Hata zile zilizoandikwa 12 hadi 24 nyingine haziwezi kustahimili 28. Wauzaji wanajua. Baadhi yao huziuza kwenye foleni usiku, kutoka mfukoni, kwa mtu mwenye haraka.

Na soketi zenyewe? Hapa ndipo penye kazi yote, na ndipo pasipolipwa. Kutia globu ni sekunde moja. Kuisafisha soketi ni kazi ya fundi: kutoa fyuzi, kusugua kutu kwa msasa laini, kuuinua ule ulimi wa shaba uliolala kwa uzee, kukaza springi, kupaka grisi kidogo kuzuia maji, kutafuta waya wa hasi ulioliwa na kutu kule kwenye chasisi ya tela. LED nyingi ni nzito kwa kichwa kuliko globu ya uzi, na soketi iliyolegea ikitikisika kutoka Eldoret mpaka mpakani, inazimika. Tela moja lenye taa 14 ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwaminifu. Matajiri wanalipa dakika kumi. Ndiyo sababu fundi anasukuma globu, inawaka, anapokea chake na kwenda kwa mwingine. Hatumlaumu sana. Yeye naye ni mfanyakazi, hana bima, hana risiti, analala katika kibanda chake cha mabati kando ya yadi, na askari wa kaunti humfukuza. Tumekuwa tukisema katika mikutano kwamba mafundi hawa wa jua kali waingie katika chama, na wako wanachama wetu wanaonuna wakisema hao si watu wa uchukuzi. Kama mtu anayetia taa ya breki si mtu wa uchukuzi, basi ni nani?

Tungeweza kuishia hapo kama ingekuwa ni habari ya betri na posho tu. Lakini usiku mmoja, upande wetu wa Kenya kabla ya kufika Malaba, kijana wa boda boda aligonga tela lililokuwa limesimama kando ya lami. Mnajua hao vijana. Hata jina boda boda lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo. Dereva aliapa kwamba aliacha taa za nyuma zikiwaka, nasi tunamwamini, kwa sababu aliziwasha mbele ya tanboi wake. Zilipokaguliwa asubuhi, zote mbili za nyuma zilikuwa LED mpya, nzima, zimelegea ndani ya soketi zilizooza. Ukizigusa kwa kidole zinawaka. Ukiondoa kidole zinazimika. Kijana alikuwa amekwisha kufa. Dereva ndiye aliyelala ndani. Askari hakuuliza nani mwenye lori, aliuliza nani aliyekuwa kwenye usukani.

Globu hizo alizinunua dereva. Kama tunakubali kwamba dereva ndiye wa kununua globu, basi kesho tunakubali kwamba dereva ndiye wa kujibu zikizimika, na tajiri amekwisha kunawa mikono. Hiyo ndiyo sababu hatutaki hata globu ya shilingi hamsini itoke mfukoni mwa mwanachama.

Katika mapatano mapya tunadai mambo haya yaandikwe. Globu zote, flasha na soketi ni juu ya mwenye gari, kwa Kenya na kwa Uganda, na gari likizimika taa safarini dereva apigie yadi simu na yadi itume pesa, si kumwambia ajisaidie. Faini ya taa isilipwe na dereva ikiwa daftari linaonyesha aliripoti ubovu. Dereva akikataa kuondoa gari lisilo na taa za nyuma usiku, asifukuzwe wala asipoteze safari yake. Na kila yadi kubwa iwe na fundi wa umeme aliyeajiriwa kwa mwezi. Wenzetu wa Uganda wanadai hayo hayo kwa matajiri wa upande wao, maana lori halijui mpaka.

Matajiri wamejibu kwa barua kwamba hoja ya globu ni ndogo mno kujadiliwa na watu wazima. Basi tutaiwekea uzito. Kuanzia sasa hadi siku ya mkutano, globu yoyote iliyoungua au iliyolegea, ya LED au ya uzi, msiitupe mtaroni. Ifungeni katika karatasi, andikeni juu yake nambari ya lori, siku mliyoinunua, bei, na nani aliyelipa. Mwenye risiti aifunge humo humo. Wapeni wawakilishi wetu Malaba na Busia, upande wowote wa mpaka. Tumekwisha kupata debe moja la mafuta ya kupikia lililo tupu, na hadi juzi lilikuwa limefika nusu. Tutakwenda nalo, tutalimimina juu ya meza yao.